Asimina uani: mche wa mbegu au wa kubebesha, na aina ipi ya kupanda

Ukienda kununua miti kwenye kitalu cha Kentucky, Ohio au Indiana ukakuta kibao kimeandikwa pawpaw, hilo si papai. Jina ni lile lile ambalo Kiingereza cha kwetu hulitumia kwa papai, lakini mti ni mwingine kabisa: Asimina triloba, mti wa asili wa misitu ya mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, kuanzia kusini mwa Ontario, Kanada, hadi kaskazini mwa Florida. Ndugu zake ni stafeli na topetope. Ukilipasua tunda utauona undugu huo mara moja: nyama laini ya manjano kama kastadi, mbegu kubwa za kahawia zinazong'aa zimejipanga safu mbili, na harufu iliyo kati ya ndizi mbivu na embe. Hapa tutaliita asimina, maana ukisema "popo" Mswahili ataangalia juu ya dari.

Kwa anayekaa Lexington au Louisville, ambako siku hizi Kiswahili husikika madukani na makanisani, huu ndio mti wa matunda wenye ladha ya nyumbani unaoweza kukaa nje majira yote. Hustahimili baridi ya nyuzi 20 Fahrenheit chini ya sifuri. Tena baridi hiyo unaihitaji: bila saa zipatazo 400 za ubaridi wa majira ya baridi hauamki vizuri. Kwa hiyo usiwatumie ndugu wa Tanga au Mombasa mbegu zake. Wao wana mstafeli, na mstafeli unawatosha. Chuo Kikuu cha Jimbo la Kentucky, kilichoko Frankfort, kimekuwa na mpango wa utafiti wa mti huu tangu 1990, na huko ndiko unakotunzwa mkusanyiko wa taifa wa aina zake. Mengi yanayojulikana kuhusu kuulima yametoka huko.

Swali ambalo watu hulitanguliza ni aina ipi tamu zaidi. Hilo lingoje. Kwanza hesabu nafasi uliyonayo na miaka uliyo tayari kusubiri.

Miti miwili, damu mbili

Ua la asimina halijizalishi lenyewe. Sehemu yake ya kike hukomaa kabla ya chavua ya ua hilo hilo kuwa tayari, na chavua ya ua jingine la mti huo huo kwa kawaida hukataliwa. Mti mmoja peke yake uani utakupa kivuli na majani mazuri ya manjano wakati wa kupukutika, basi. Unahitaji miti miwili isiyo ya nasaba moja, isiyoachana zaidi ya futi 30 hivi, kwa sababu wadudu wanaobeba chavua yake ni nzi na mende wadogo, na hao si wasafiri kama nyuki.

Kosa la kawaida hapa linafanana sana na busara: mtu anasikia kwamba aina iitwayo Shenandoah ni nzuri, ananunua Shenandoah mbili. Lakini miche miwili ya kubebesha (kila mmoja ni kijiti cha aina hiyo kilichounganishwa juu ya shina jingine) ya aina moja ni mti mmoja uliogawanywa. Vijiti vyote viwili asili yake ni mti ule ule, na havizalishani. Porini ni vivyo hivyo. Asimina huchipua kutoka mizizini kama mgomba, na kichaka chenye mashina 40 kando ya mto kinaweza kuwa mti mmoja tu. Ndiyo maana vichaka vingi hujaa maua kila Aprili na visizae hata tunda moja.

Zinazofaa ni jozi za namna hii: aina mbili tofauti za kubebesha, aina moja ya kubebesha na mche mmoja wa mbegu, au miche miwili ya mbegu, kwani kila mbegu huja na damu yake.

Mche wa mbegu na mche wa kubebesha

Kubebesha (Kenya wengi husema kupandikiza) ni kuunganisha kijiti cha aina unayoitaka, yaani kikonyo, juu ya shina changa lililooteshwa kwa mbegu. Asimina haioti kwa kipande cha tawi, kwa hiyo mche wenye jina la aina, mfano Susquehanna, lazima uwe umebebeshwa. Ukikuta mche wa bei rahisi wenye kibao cha "Susquehanna" usio na alama ya maungio, huo ni mche wa mbegu iliyotoka kwenye tunda la Susquehanna. Mtoto si mama. Anaweza kuwa mtamu, lakini hakuna awezaye kukuahidi. Alama yenyewe ni rahisi kuiona: inchi chache juu ya udongo shina hujipinda kidogo au huwa na kinundu, na rangi ya ganda la juu hutofautiana na ya chini.

Kwa muda wa kusubiri, wa kubebesha unashinda wazi. Ukipandwa vizuri huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4. Wa mbegu husubiriwa miaka 5 hadi 8, na ukiwa kivulini huenda zaidi ya hapo. Kwa bei, wa kubebesha hugharimu mara kadhaa ya wa mbegu. Anayepanda miti miwili tu tofauti hiyo haimuumizi. Anayetaka kujaza ukingo wa kiwanja kwa miti 15 ataihisi mfukoni.

Ladha ndiyo kamari yenyewe. Matunda ya miche ya mbegu hutofautiana sana: moja litakuwa kama kastadi ya vanila, jingine litakuachia uchungu kooni, la tatu litakuwa tamu lakini mbegu zimejaa robo ya tunda. Ukichukua mbegu kutoka kwenye tunda zuri la soko la wakulima, bahati yako huwa bora kuliko ukichukua mbegu za msituni, lakini bado ni bahati. Kugundua baada ya miaka 8 kwamba mti wako una uchungu si jambo dogo kwa mwenye uwanja wa miti miwili.

Kuna upande mmoja ambao mche wa mbegu unashinda, na wauzaji hawausemi sana. Mti wa mbegu ni mmoja toka mzizi hadi kilele. Kulungu akiuvunja au mashine ya kukatia majani ikiumenya ganda, utachipua tena kutoka chini ukiwa mti ule ule. Mti wa kubebesha ukifa juu ya maungio, kinachochipua ni lile shina la chini lisilo na jina, na umerudi kwenye kamari baada ya kulipa bei ya hakika. Kwa sababu hiyo hiyo, kila chipukizi linalotoka chini ya maungio lazima ling'olewe likiwa bado dogo. Lisipoondolewa, kwa misimu miwili au mitatu shina la chini humpita kikonyo, na mwenye shamba hujikuta akishangaa kwa nini Shenandoah yake "imebadilika ladha".

Aliye na mkono wa kubebesha ana njia ya tatu, nayo ni ya bei rahisi kuliko zote. Otesha mbegu, subiri shina lifikie unene wa penseli, kisha bebesha mwishoni mwa majira ya kuchipua, majani yanapokuwa yameanza kufunguka na joto limetulia. Vikonyo hukatwa mti ukiwa bado umelala, Februari hadi Machi, vikafungwa kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye friji. Aliyewahi kubebesha maembe au parachichi hatapata shida. Kinachobadilika ni kalenda tu.

Ukiamua mbegu

Mbegu ya asimina haikaushwi. Hapa ndipo mkulima wa mahindi au maharage anapojikwaa, maana mazoea yake yote yanamwambia aanike. Mbegu iliyoachwa mezani siku chache ikakauka kabisa imekufa, hata kama inang'aa vile vile. Ioshe nyama yote itoke, iweke kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu pamoja na mosi ya piti (peat moss ya vitalu) iliyoloweshwa kisha kukamuliwa mpaka isitoe tone, uweke kwenye friji penye nyuzi 32 hadi 40 Fahrenheit kwa siku 70 hadi 100. Friza hapana, baridi kali ya friza huua kiini.

Ukizitoa, panda inchi 1 chini ya udongo, kwenye chungu chembamba chenye kina cha inchi 14 au zaidi. Kina hicho ni cha lazima. Mche huu kwanza hushusha mzizi mkuu mrefu, na ukigonga kitako cha kikopo kifupi utajizungusha, na mzizi uliojizungusha haunyooki tena. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 75 hadi 85, mzizi hutoka baada ya wiki 2 au 3, lakini shina halionekani juu mpaka miezi kama 2. Katika wiki hizo watu hukata tamaa na kumwaga vyungu. Usifukue kuangalia, maana mzizi huo ni mnene, una maji mengi na huvunjika kama karoti changa.

Mwaka wa kwanza mche wa mbegu uwe kwenye kivuli chepesi. Jua kali la moja kwa moja huubabua majani mpaka kufa.

Chunguni, mizizi mitupu, au wa kung'oa porini

Miche husafirishwa kwa namna mbili: ikiwa chunguni na udongo wake, au imelala, mizizi mitupu imefungwa kwenye kitu chenye unyevu. Kwa mitofaa na mipichi mizizi mitupu ni sawa kabisa. Kwa asimina ni hatari. Mizizi yake haina vinyweleo vingi, na mingi huvunjika wakati wa kung'olewa. Mche wa mizizi mitupu ukikufikia, upande siku ile ile, na iwe majira ya kuchipua, macho yanapoanza kuvimba. Ukipandwa vuli hukaa ardhini bila kuponya majeraha yake na mara nyingi huoza. Utaona pia kwamba hata ukipona hukaa msimu mzima bila kurefuka. Hapo unajenga mizizi, usiuongezee mbolea kwa hasira.

Wa chunguni ni ghali zaidi lakini ndio tunaopendekeza kwa uwanja wa nyumbani. Angalia kina cha chungu kabla ya kuangalia urefu wa mti. Mche wa futi 2 kwenye chungu cha kina ni bora kuliko wa futi 5 kwenye ndoo fupi.

Kung'oa chipukizi porini ni kazi bure. Lile unaloliona kama mche mdogo mara nyingi ni chipukizi linalonyonya mzizi wa mama, halina mizizi yake, na likikatwa hunyauka wiki hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, machipukizi mawili kutoka kichaka kimoja ni damu moja, na kwenye mbuga na hifadhi kung'oa mimea kwa kawaida kumekatazwa.

Shimo liwe na kina cha mizizi na upana mara mbili ya hapo. Mti ukae kwa kimo kile kile ulichokaa chunguni. Acha futi 8 kati ya mti na mti. Mti mzima huweza kufika futi 15 hadi 25. Matandazo ya inchi 3 au 4, yasiguse shina. Maji galoni 5 kwa wiki katika miaka 2 ya mwanzo kama mvua haikunyesha. Udongo wa mfinyanzi wa Kentucky huleta shida moja kubwa, nayo ni maji kutuama. Chimba shimo la futi 1, lijaze maji, yakinywewa lijaze tena. Kesho yake ukikuta bado yamo, tafuta mahali pengine au inua tuta, kwa sababu mizizi ya asimina ikilala ndani ya maji huoza. Watu huona mti huu ukiota kando ya mito wakadhani unapenda tope. Unachokipenda ni udongo wenye kina na rutuba unaokaa na unyevu, wenye pH ya 5.5 hadi 7, unaopitisha maji.

Jua au kivuli

Msituni huota chini ya miti mikubwa, kwa hiyo vibao vingi vya vitalu huandika "kivuli". Ni kweli kwamba utaishi kivulini. Utakuwa mrefu, mwembamba, wenye majani mapana ya kuning'inia, na matunda ya kuhesabu kwa vidole. Kwenye jua la saa 6 au zaidi hujijenga kama piramidi na kuzaa toka chini mpaka juu. Anayetaka matunda achague jua. Mche wa mbegu uupande juani tangu mwanzo kama mahali ni hapo hapo, ila uuzungushie kitambaa cha kivuli msimu wa kwanza au wa pili, kisha ukiondoe. Wa kubebesha wenye miaka 2 kwa kawaida huvumilia jua mara moja, mradi maji yasikosekane. Upepo mkali ni adui wa majani yake, hivyo upande wenye kinga ya nyumba au uzio ni mzuri.

Aina zenyewe

Aina nyingi bora za leo zimetoka kwa watu wawili watatu waliokaa na mti huu miaka mingi. Neal Peterson wa West Virginia alianza kuchagua katika miaka ya 1980, na aina zake alizipa majina ya mito: Shenandoah, Susquehanna, Allegheny, Potomac, Wabash, Rappahannock. Zenye herufi KSU mwanzoni zimetolewa na chuo kile cha Frankfort. Nyingine ni za zamani, zilizookotwa porini au mashambani. Hizi 5 ndizo utakazokutana nazo mara nyingi:

| Aina | Asili | Kuiva | Tunda | Kasoro |
|---|---|---|---|---|
| Pennsylvania Golden | New York | mapema | nyama ya dhahabu, ladha kali | dogo kuliko mengine |
| Shenandoah | Peterson | katikati | laini kama kastadi, halina uchungu, mbegu chache | wapenda ladha nzito huliona la upole mno |
| KSU-Atwood | Kentucky | katikati | ladha ya embe na ndizi, mti huzaa sana | tunda ni la wastani tu |
| Sunflower | Chanute, Kansas, 1970 | kuchelewa | kubwa, nyama ya manjano | wengine hulionea uchungu kidogo mwishoni |
| Susquehanna | Peterson | kuchelewa | kubwa, nyama nzito, mbegu chache sana, ganda nene kidogo | matunda machache kwa mti |

Jedwali haliwezi kukuambia jambo moja: kuchelewa kuiva kunamaanisha nini mahali unapoishi. Mti huu unahitaji siku zipatazo 160 bila jalidi, yaani baridi ya kugandisha. Lexington hilo si tatizo. Ukiwa Michigan, kaskazini mwa New York au Ontario, Susquehanna inaweza kukutwa na jalidi la kwanza matunda yakiwa bado mawe. Huko chagua Pennsylvania Golden au NC-1, ambayo asili yake ni Ontario kwenyewe. Ukiwa Carolina ya Kaskazini au Georgia huna wasiwasi huo, na Mango, aina yenye nguvu iliyotoka Tifton, Georgia, nayo inafaa, ingawa nyama yake ni teketeke kiasi cha kukusumbua ukiibeba.

Kwa familia inayoonja asimina mara ya kwanza, tungeanza na Shenandoah. Upole wake ndio faida yake, maana watoto na wageni hawaikatai. Mwenzi wake awe KSU-Atwood kama unataka wingi, au Susquehanna kama unataka tunda la kumpelekea mtu, kwa sababu hilo halichubuki haraka kama mengine. Allegheny ni tamu, lakini huzaa kwa fujo, na usipoyapunguza matunda yakiwa bado madogo yote hubaki madogo.

Sunflower inahitaji maelezo. Inasifiwa kwamba hujizalisha yenyewe, na wenye nafasi ya mti mmoja huikimbilia kwa sababu hiyo. Ichukulie kama aina inayoweza kukupa matunda ikiwa peke yake, si kama dhamana. Hata hiyo ikipata mwenzi huzaa vizuri zaidi. Kama nafasi ni ya mti mmoja kweli kweli, panda miche miwili ya damu tofauti ndani ya eneo moja, futi 3 au 4 kati yake, uiache ikue kama mti wa mashina mawili. Itagombania jua kidogo, lakini utakula.

Brashi ya senti chache

Malalamiko makubwa kuhusu mti huu, uwe wa mbegu au wa kubebesha, ni maua mengi na matunda hakuna. Dawa yake ni brashi ndogo ya kupakia rangi.

Aprili, kabla ya majani, matawi hutoa vifundo vya kahawia vyenye manyoya laini kama mahameli. Hufunguka vikawa maua yanayotazama chini, kwanza ya kijani, baadaye rangi ya damu ya mzee. Liinue ua kwa kidole uchungulie ndani. Likiwa changa, katikati kuna kitufe kigumu cha kijani, na kwenye ncha yake vijidole vichache vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Hilo ni ua la kike kwa sasa, liko tayari kupokea. Likiwa limezeeka siku kadhaa, kitufe kimekuwa kahawia, kimelegea, na ukikigusa unga wa manjano unaanguka. Hilo ni la kutoa.

Gonga maua ya kahawia ya mti A juu ya kijibakuli, chovya brashi, pakaza kwenye ncha zinazong'aa za maua ya kijani ya mti B. Kesho fanya kinyume chake. Ikifanikiwa, petali huanguka na kubaki kichane kidogo cha vidole vya kijani, mfano wa kichane cha ndizi cha mwanasesere, kwa sababu ua moja huweza kutoa matunda kadhaa. Usipakaze kila ua. Mti mchanga uliobeba mno huvunjika matawi, na matunda yake huwa mbegu tupu.

Jalidi la mwisho wa Aprili linaweza kuua maua yote usiku mmoja. Hilo halina brashi.

Wanaoharibu, na asiyeharibu

Kulungu hali majani haya. Yana kemikali chungu, na ukiyafikicha yananuka kama pilipili hoho mbichi. Tatizo la kulungu dume ni pembe: vuli huzisugua kwenye mashina membamba mpaka ganda lote linatoka. Zungushia wavu wa waya wa futi 4 au 5. Kwa mti wa kubebesha wavu huo ni lazima, kwa sababu ile iliyotajwa juu kuhusu maungio. Madoa meusi kwenye majani na ganda la tunda ni ukungu wa siku za mvua nyingi. Hupungua miti ikiachana na hewa ikapita, na ndani ya tunda kwa kawaida hakuna kilichoharibika mpaka ganda lipasuke. Rakuni na oposamu huvuna usiku mmoja kabla yako, kana kwamba wana kalenda.

Ukimwona kiwavi anatafuna majani, usikimbilie dawa. Kuna kipepeo mweupe mwenye mistari myeusi kama ya punda milia, ambaye viwavi wake hawali mmea mwingine isipokuwa jamii hii ya asimina. Hula majani machache tu, mti haujali.

Kuvuna, na tahadhari ya kula

Rangi haitakusaidia sana; matunda mengi huiva yakiwa bado ya kijani. Bonyeza taratibu: likilegea kama parachichi bivu na likitoka kwa kuinuliwa tu, limeiva. Lililovunwa gumu haliivi kamwe. Lililoiva hukaa mezani siku 2 au 3, ndiyo sababu hulioni kwenye maduka makubwa na ndiyo sababu ya kulipanda. Likichumwa linapoanza tu kulegea, kwenye friji hufika wiki 3. Hapo ndipo kupanda aina ya mapema pamoja na ya kuchelewa kunapolipa: badala ya matunda 100 ndani ya wiki moja, unayapata kwa wiki 4 hivi.

Ganda na mbegu haziliwi. Anayeonja mara ya kwanza ale vijiko viwili tu, asubiri kesho, kwani kuna watu hutapika au kuumwa tumbo. Usiikaushe nyama yake, na kuipika nako kuna hatari hiyo hiyo, maana huwaumiza watu wengi zaidi kuliko ikiliwa mbichi. Lina pia anonasini, kemikali ile ile iliyomo kwenye stafeli, inayoshukiwa kudhuru mishipa ya fahamu kwa wanaolila kwa wingi miaka mingi. Ni tunda la msimu. Lile kama tunda la msimu.

Yanayozidi, kamua nyama kwenye kichujio cha matundu makubwa, ipige na maziwa ya baridi au mtindi, au iweke friza kwenye mifuko bapa kwa ajili ya aiskrimu. Mbegu zinazobaki ziingie kwenye mfuko wenye unyevu siku hiyo hiyo, kabla hazijakauka kwenye sinki.